Chini Kuna Nini?

Ufunguo wa stoo ya stendi nilimkabidhi Nkwimba, anayeshika nafasi yangu, Ijumaa iliyopita, pamoja na onyo kwamba kufuli lile halifunguki mpaka mlango uusukume kwanza kwa goti. Kabla sijatoka akanishika mkono. "Mama Minza," akasema, "tuandikie hata kurasa mbili za mambo ya zamani. Sisi tumekukuta umeshazeeka." Sijajua mpaka leo kama lile lilikuwa ombi au tusi. Hata hivyo nimekaa barazani kwangu hapa Bariadi, chai ipo, kalamu ipo, na hakuna gari lolote ninalolisubiri. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana vyote viwili vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Nilianza kazi stendi katika miaka ya ruksa, pale watu binafsi walipoanza kununua mabasi na kila mwezi likaja jipya lenye rangi kali kuliko lililotangulia. Wakati huo sisi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuja nikijua nitakata tiketi dirishani, kwa hiyo nilivaa viatu vya kanisani. Mwenye mabasi akanisikiliza nikijieleza, akasema binti anayeongea hivi atachelewesha abiria. Akanipeleka nyuma ya ofisi, kwenye chumba cha matofali ambako viliwekwa vitu vyote vilivyosahauliwa kwenye magari. Viatu vile havikurudi tena kazini.

Humo ndani nilimkuta Mzee Lugembe akikata maboksi ya sabuni kwa kisu. Nikamwambia shikamoo, akaendelea kukata. Nikapiga goti nikasema, "Mwangaluka, baba," ndipo akainua kichwa. Alikuwa ametunza stoo ya chama cha ushirika cha pamba kwa miaka mingi, na wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukanywea, akahamia kwetu na kalamu yake sikioni. Zana zetu zilikuwa hizi: daftari la kaunta, chaki, kamba ya katani, na vile vipande vya maboksi, ambavyo ndivyo vilikuwa lebo zetu. Kila kitu kilipewa namba, gari, kiti kilipokutwa, na jina la mtu aliyekileta. Hilo la mwisho alilikazia.

"Aliyepoteza atakuja mwenyewe analia," alisema. "Aliyeokota anaondoka kimya. Huyo ndiye wa kuandika."

Kanuni yake ya pili nyote mnaijua, ila hamjui ilivyonigharimu. Mtu akija kudai mzigo, usimuulize ndani kuna nini. Cha juu kila mtu anakijua, hata jirani yake wa kiti amekiona alipofungua kutoa chapati. Muulize chini kuna nini. Cha chini anakijua aliyefunga mzigo peke yake.

Mzigo wangu wa kwanza kuuandika ulikuwa kuku. Aliuleta mkulima mmoja wa Dutwa, aliyekuja na baiskeli asubuhi kabla hatujafungua. Alimkuta chini ya kiti chake jioni ya jana yake, amefungwa miguu, mwenyewe ameshashuka. Akanipa kuku, kisha akatoa mfukoni yai lililoviringishwa kwenye kitambaa. "Na hili ni la mwenyewe," akasema. "Limetagwa kwangu, lakini kuku si wangu." Nikamuuliza Mzee Lugembe kama yai linapata namba yake. Alifikiri sana, kama hakimu, akasema lipate namba ya mama yake na herufi A.

Akaja pia mchungaji wa ng'ombe kutoka Meatu, mwenye shuka na fimbo, akiwa amebeba cheti cha shule ndani ya majani ya mgomba ili kisikunjike. Alikiokota barabarani, kimedondoka kutoka kwenye keria. Alisema hajui kusoma, lakini aliona kina picha ya mtu, akajua mtu huyo lazima anajitafuta. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi, na sikuwa na uhakika machozi yale ni ya kicheko tu. Ndivyo nilivyoipenda kazi hii. Watu husema stendi ni pango la wezi. Wezi walikuwepo, siwatetei, lakini wao hawakuwahi kunijazia daftari. Madaftari kumi na saba yaliyoko kwenye rafu ya juu yamejazwa na waliorudisha.

Sasa, kabla ya ruksa, mizigo ilikuwa na sura. Huyu ana sanduku la bati lenye ua jekundu, yule ana kapu la mama yake, mwingine gunia lenye kiraka. Kisha ikaingia ile mifuko ya plastiki ya mirabamiraba, shangazi kaja, na ndani ya mwaka mmoja kila abiria kuanzia Mwanza hadi Maswa alikuwa na shangazi wake. Wote wakubwa, wote wa miraba ya bluu na nyekundu, wote wenye zipu inayokufa wiki ya kwanza. Nikifungua stoo asubuhi naona ukoo mzima umepanga foleni. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nitalieleza bila kulipunguza.

Ilikuwa kiangazi, pamba imeshauzwa, vijiji vyote viko kwenye ngoma. Kwa wale mliotoka mbali: ngoma zetu za mashindano zina pande mbili, Bagika na Bagalu. Kila upande hucheza kwenye kona yake ya uwanja kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakovutwa. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kila upande una dawa ya kuvuta watu, au unasema inayo, na kila upande unaamini mwenzake anataka kuuharibia. Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na shindano kubwa Dutwa.

Jumanne, Mzee Lugembe akiwa nyumbani na homa, alikuja mama mmoja mnene mchangamfu aitwaye Mbuke, kutoka Shishiyu. Kaka yake aliongoza kundi la Bagika huko kwao, na Mbuke mwenyewe alikuwa amesahau shangazi kaja kwenye gari la Mwanza. Nyuma yake kulikuwa na foleni, jua linachoma, na mimi nilikuwa na njaa. Nikamuuliza, "Ndani kuna nini?" Ndivyo nilivyouliza, mbele ya Mungu. Akajibu, "Njuga." Nikavuta zipu ya shangazi wa kwanza, nikaona njuga zimejaa juu, nikampa. Akanibariki mimi na watoto nitakaowazaa, akaondoka.

Jumatano akaja kijana mrefu, mkimya, na wachezaji wawili nyuma yake. Aliitwa Nindwa, wa Bukundi, manju wa Bagalu, yaani kiongozi wao na mtunzi wa nyimbo. Alikuwa ameshuka Bariadi kubadilisha gari na mfuko wake ukabaki kwenye keria. Safari hii nikauliza sawasawa, "Chini kuna nini?"

"Mgwisho wa baba," akasema. "Umefungwa kwenye kitambaa cheusi. Juu yake njuga zake."

Nikamletea shangazi kaja aliyebaki. Juu, njuga. Chini, jezi ya mpira na kilo mbili za dagaa. Tulitazamana kupitia dirisha lile dogo, na nikahisi jasho likinitoka hadi kwenye vidole vya miguu.

Akanieleza bila kupaza sauti, na heri angepaza. Baba yake alikuwa manju kabla yake, amefariki mwaka ule ule. Mgwisho huo wa mkia wa nyumbu ndio aliokuwa akiongozea wachezaji maisha yake yote, na alimkabidhi mwanawe akiwa kitandani. Jumamosi ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kwa Nindwa kusimama mbele.

"Wachezaji wamesema bila mgwisho wa mzee hawaingii uwanjani," akasema. "Nami siwalaumu. Umempa nani?"

Nikafungua daftari. Jina na kijiji angalau nilikuwa nimeandika. Aliposikia kaka yake Mbuke ni nani, mmoja wa wale wachezaji akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Nilikuwa nimeuweka mgwisho wa Bagalu mikononi mwa Bagika, siku nne kabla ya shindano.

Niliandika barua kwa Mbuke, nikampa konda wa gari la Maswa. Konda akasema atampa mama muuza dagaa wa Maswa stendi, ambaye jirani yake huenda Shishiyu kwa baiskeli. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenifahamu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini ahangaike. Mzee Lugembe akaja Alhamisi na homa yake, amejifunga blanketi, akasikia habari nzima. Nilingoja anifokee. Akasema tu, "Ungeuliza la chini," akakaa na kuanza kukata maboksi. Ingekuwa afadhali anipige.

Alhamisi hakuja mtu kutoka Shishiyu. Nindwa na wenzake walikaa kwenye benchi la abiria tangu asubuhi mpaka magari yalipokwisha, hawali, hawaimbi. Watu wa stendi walikuwa wameshatoa hukumu. Muuza kahawa alisema mgwisho umechomwa tayari. Mpiga debe akasema haujachomwa, ila ukirudi utakuwa umetiwa kitu, kwa hiyo ni yale yale. Mimi ni Mkatoliki tangu kubatizwa, lakini nilianza kufikiri kama wao.

Ijumaa, saa nne asubuhi, ikaingia baiskeli stendi, na nyuma ya baiskeli amekaa Mbuke, na juu ya kichwa cha Mbuke amekaa shangazi kaja. Gari lake lilikuwa limeharibika njiani, na mtu asiyemjua, aliyekuwa anakwenda kwake upande mwingine kabisa, akageuza baiskeli ili amlete. Mtu yule alimshusha, akanywa maji, akaondoka kabla sijapata jina lake. Mpaka leo ni pengo katika daftari langu.

"Mwangaluka, mwanangu!" Mbuke akaniita toka mbali. "Ulinipa mzigo wa watu!"

Barua yangu hakuwahi kuiona. Alikuwa amefungua mfuko nyumbani, akakuta njuga juu, akasema sawa, akashika chini akakuta kitambaa cheusi. "Kaka yangu aliruka kama amekanyaga nyoka," alisimulia, na stendi nzima imeshasogea. "Wengine wakasema tuuchome. Wengine wakasema tuufiche mpaka Jumapili. Nikawaambia, yaya, hapana! Mkiuchoma, Jumamosi tutacheza na nani? Tutashinda kiwanja kitupu? Nikakaa na mfuko barabarani siku mbili nasubiri gari, maana ningeurudisha ndani wangenipora."

Akamnyooshea Nindwa mgwisho ukiwa ndani ya kitambaa chake, haujafunguliwa. Nindwa akarudi nyuma hatua moja. Wachezaji wake wakasema kwa pamoja, "Usiguse."

Nilidhani Mbuke atakasirika. Angekuwa na haki. Badala yake akauweka mgwisho juu ya dirisha langu la stoo, mimi nikasogea pembeni kidogo, naungama. Akaketi kwenye benchi, akavua kandambili, akachukua njuga za marehemu na kujifunga miguuni, mguu huu na mguu huu. "Kama kuna dawa, basi inianze mimi," akasema.

Akacheza. Mama yule alikuwa mzito, na vumbi la stendi lilipanda mpaka kwenye vioo vya basi. Abiria wa Mwanza wakashuka kutazama. Dereva akazima gari. Muuza kahawa akasahau birika. Kwa sheria za ngoma zetu, Mbuke alikuwa ameshashinda shindano siku moja kabla.

Nilikuwa namtazama Nindwa. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa hofu. Kisha nikaona kichwa chake kinaanza kutikisika, si kwa furaha, kwa kuudhika, kama fundi anayemtazama mtu akitumia randa yake vibaya. Mbuke alikuwa anacheza mtindo wa Bagika kwa njuga za Bagalu, anaangusha kisigino mahali ambapo Bagalu hukiinua. Nindwa alivumilia mara tatu. Mara ya nne akashindwa.

"Njuga za baba hazichezwi hivyo!" akapiga kelele. Akafika dirishani kwangu kwa hatua mbili, akauchomoa mgwisho kwenye kitambaa, akaunyanyua juu na kuanza kumwongoza. "Inua! Inua, halafu weka! Inua!"

Ilichukua muda kabla hajaona alichoshika. Alipoona, alisimama mkono ukiwa bado hewani. Mbuke akasimama pia, anahema, akaanza kucheka, na Nindwa akacheka, na wale wachezaji wawili wakaja kugusa ule mkia kwa ncha ya kidole kama watoto wanaojaribu moto. Mzee Lugembe alitoka stoo na blanketi lake, akamletea Mbuke mfuko wake halisi na lebo ya boksi ili aweke sahihi. Mimi nililia waziwazi, na sikutafuta leso.

Jumamosi nilikwenda Dutwa. Nindwa aliingia na mgwisho, wachezaji wake wote nyuma, na asubuhi yote uwanja ulikuwa kwake. Alikuwa ametunga wimbo njiani, kwa Kisukuma, na nikiuleta kwenye Kiswahili unasema hivi: Minza wa stoo, la juu kila mtu analo, uliza la chini. Nilitaka kujificha nyuma ya gunia la mahindi. Lakini mchana Mbuke alijitokeza upande wa kaka yake, amefunga njuga, anacheza kwa makusudi mtindo wa Bagalu jinsi alivyofundishwa jana yake, ila kwa fujo zake mwenyewe. Watu walihama kama ng'ombe walioona maji. Bagika wakashinda.

Nilimfuata Nindwa kumpa pole. Alikuwa amelowa jasho, anang'aa. "Pole ya nini, dada?" akasema. "Nimeshindwa watu wangu wote wakiwa uwanjani. Baba alishindwa mara nyingi hivi hivi." Akachomoa njuga moja kwenye kamba, akanipa. "Weka chini kabisa ya mkoba wako. Usisahau tena."

Jumatatu iliyofuata akaja mtu na baiskeli kutoka Shishiyu, amebeba barua yangu. Alisema mwenyewe hakumkuta, na hakuona vema kuiacha, maana ni ya watu. Mzee Lugembe akaipa namba. Wimbo wa Nindwa nao ulipita katika magari yote, na kwa miaka na miaka sikuweza kufungua dirisha bila utingo fulani kuniimbia. Mzee Lugembe alistaafu, akafa, Mungu amlaze pema, na mimi nikaendelea kukata maboksi. Magari yakawa mengine, simu zikaja, sasa mnapiga picha ya mzigo na kuituma kwenye kundi. Ni vizuri. Ila picha huonyesha cha juu tu.

Nilikuwa nimefika hapo Jumapili asubuhi, nikadhani nimemaliza, nikaenda Dutwa kumsalimia binti yangu. Jioni nikarudi, nikashuka stendi nikiongea, maana bado naongea, na gari likaondoka na mkoba wangu.

Nkwimba anajua kilichotokea jana, Jumatatu asubuhi, ila wengine hamjui. Nilifika kwenye dirisha langu mwenyewe, kwa upande ambao sijawahi kusimama. Mkoba wangu wa kahawia nauona pale kwenye rafu, na lebo ya boksi imening'inia. Nikamwambia Nkwimba anipe, nina haraka. Akanitazama kama hajawahi kuniona tangu azaliwe.

"Mwangaluka, mayu," akasema, kama anamsalimia mama asiyemjua. "Chini kuna nini?"

"Nkwimba, usinichezee. Kuna miwani, kuna kitenge, kuna simu..."

"Hayo ya juu. Kila mtu anayo."

Nyuma yangu foleni ikaanza kucheka. Nikaweka mikono kiunoni, kisha nikaitoa. "Chini kuna njuga," nikasema. "Moja."

Akautikisa mkoba. Ikalia.

Kabla hajanipa akaligeuza daftari ili niweke sahihi, na pale kwenye mstari wa aliyeleta nikaona jina, kwa mwandiko safi. Simjui. Nkwimba naye hamjui. Anasema mtu huyo aliuacha mkoba, akasema tu kwamba kama mwenyewe ni mtu mzima asihangaishwe kuufuata mbali, akarudi kwenye ndoo yake. Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa sijamaliza kuandika. Mstari wa mwisho ni huu: Holo, muuza karanga wa Dutwa, kiti cha nyuma karibu na dirisha.